Reli Iliyobebwa Mara Mbili

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayedhani amewahi kuishi humo atakuwa amechanganya mambo. Huko kwake, bila shaka, ofisi hufunguliwa kwa wakati na wakubwa huongea kwa ufupi. Huku kwetu kwenye hadithi, serikali iliwapenda wananchi kiasi cha kuwawekea wizara kwa kila kiungo cha mwili. Kulikuwa na Wizara ya Tumbo na Subira, Wizara ya Masikio na Habari, na ile kubwa kuliko zote, Wizara ya Mgongo na Uchukuzi, ambayo ndiyo iliyosimamia reli.

Siku ya Reli mwaka ule, Waziri wa Mgongo alipanda jukwaani pale stesheni akiwa amevaa kofia ya dereva wa treni. Treni yenyewe ilikuwa imekwama bondeni tangu juzi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Reli hii haikujengwa kwa chuma. Chuma tuliagiza tu. Reli hii ilijengwa kwa migongo! Na nawaambieni, mgongo wenu ukiuma, wangu nao unasikia!"

Watu wakapiga makofi. Waziri akapumzika kidogo kwenye kiti chake chenye mito miwili, kisha akasimama tena na kutangaza Sheria ya Shukrani. Kila aliyeumia akiwa kazini kwenye reli atapewa Hati ya Maumivu, na mwenye hati atatibiwa Hospitali ya Reli bure, bila usumbufu wowote. Maneno "bila usumbufu wowote" aliyarudia mara tatu, na wazee walioijua serikali yao wakaanza kuogopa.

Bi Zamoyoni hakuogopa. Alikuwa amesimama nyuma ya umati, amemshika mumewe kwapani ili asianguke, na alichokuwa akikifanya ni kuandika. Alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mwenye stashahada yake ya ualimu, na katika miaka thelathini ya kufundisha wasichana kupika bila kuunguza alikuwa amejifunza jambo moja: maelekezo huandikwa yanapotolewa, siyo baadaye.

Mumewe, Mzee Kibwana, alikuwa amefanya kazi genge la reli maisha yake yote. Miaka kumi na tisa iliyopita alipata jeraha la kiuno akinyanyua reli, na tangu siku hiyo maumivu hayakuwahi kuondoka hata kwa matembezi. Yalilala naye, yakaamka naye, yakastaafu naye. Sasa yalikuwa yameanza kushuka miguuni. Daktari wa kituo cha afya, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa amemwambia Zamoyoni wazi.

"Mama, mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni. Akipasuliwa ndani ya miezi sita, atatembea. Ikipita hapo, miguu itakufa. Na upasuaji huo unafanyika Hospitali ya Reli peke yake."

"Miezi sita kuanzia leo?"

"Kuanzia leo."

Siku hiyo hiyo Zamoyoni alitia alama kwenye kalenda, pale miezi sita itakapoisha.

*

Bodi ya Kupokea Maumivu ilikuwa kwenye jengo jipya kando ya stesheni. Chumba cha kusubiri kilikuwa kikubwa na safi, na hakikuwa na benchi hata moja. Mabenchi yaliondolewa baada ya wataalamu kugundua kwamba mgonjwa akikaa hupata nafuu, na nafuu huharibu ushahidi.

Karani wa mapokezi aliitwa Perusi. Alikuwa na kucha ndefu nyekundu na huruma ya kutosha, ila huruma hiyo ilikuwa haijapata kibali.

"Mama, hii barua ya daktari ni maneno tu," alisema. "Sisi tunapokea maumivu. Halisi, siyo nakala."

"Yako mgongoni mwake. Huyu hapa."

"Nawaona, mama yangu. Lakini leo ni Ijumaa. Maumivu ya mgongo ni Jumanne, saa tatu hadi saa tano. Baada ya hapo mpimaji anakwenda chai."

"Anarudi saa ngapi?"

Perusi akamtazama kama mtu aliyeulizwa mwisho wa mbingu uko wapi. "Chai, mama," alisema taratibu. "Anakwenda chai."

Jumanne ya kwanza mpimaji alikuwa semina. Jumanne ya pili alikuwa anaoza binti yake. Jumanne ya saba alikuwepo, na chombo chake kilikuwepo, kitu kama tarumbeta kilichounganishwa na saa ya ukutani. Kiliitwa kipimamguno. Mgonjwa alitakiwa kuinama hadi vidole viguse sakafu, na mguno uliomtoka uliingia kwenye tarumbeta, saa ikasoma alama.

Aliyetangulia alikuwa shemeji yake mkurugenzi mmoja, mwenye jipu kwenye kidole gumba. Alipoguswa tu, alipiga mayowe hadi njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la stesheni. Alipata tisini na nne. Alipewa hati, likizo, na kiti cha magurudumu.

Kisha akaitwa Kibwana. Aliinama. Jasho lilimtoka likadondoka sakafuni, tone kwa tone. Mshipa wa shingo ukasimama. Midomo ikawa rangi ya majivu. Na ndani ya chumba hicho hakikusikika chochote isipokuwa jasho lake.

"Sifuri," akasema mpimaji.

"Guna basi, Baba Tunu!" Zamoyoni alimnong'oneza.

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Guna tu, kama watu!"

"Sijui inavyoanza," Kibwana alisema, na aliona haya kweli.

Hakuwa anajivuna. Kwenye genge, mwimbishaji alitoa wimbo na wanaume walinyanyua kwa pumzi moja. Mmoja akiguna, pumzi yake inapotea, wimbo unakatika, na reli inamwangukia mwenzake. Kwa hiyo kijana mpya alifundishwa kufunga mdomo kabla hajafundishwa kushika mtaimbo. Kibwana alikuwa ameufunga wake akiwa na miaka kumi na tisa na hakuwahi kupata sababu ya kuufungua.

Zamoyoni alikuwa mtu wa vitendo. Alisogea karibu, akamkanyaga mumewe kidole cha mguu wa kushoto kwa kisigino, kwa nguvu zake zote.

Kibwana hakushtuka. Hata hakutazama chini.

Ndipo Zamoyoni alipoogopa kwa mara ya kwanza. Mpimaji, wakati huo, alikuwa anaandika kwenye fomu: *Mwombaji yuko kimya. Dalili ya kuridhika.*

*

Rufaa ilisikilizwa mwezi wa tatu na Mwenyekiti wa Bodi mwenyewe, Mheshimiwa Lubida, daktari wa heshima wa vyuo vikuu vitatu, kimoja kikiwa bado hakijajengwa. Mezani mbele yake palikuwa na daftari la mahudhurio la genge, lenye umri wa miaka kumi na tisa, lililokaushwa juani na kupakwa manukato.

"Mimi siyo mtu wa hisia," alisema Mheshimiwa. "Mimi ni mtu wa hesabu. Reli moja ina uzito gani, Mzee Kibwana?"

"Kilo mia nne na themanini, Mheshimiwa."

"Na siku ya hilo tukio, wangapi walihudhuria? Nyapara wenu, Mzee Selebwa, aliita majina manane. Yameitikiwa yote manane. Alama zote nane za vema hizi hapa. Sasa gawanya."

"Kilo sitini," alisema Zamoyoni, ambaye alikuwa ameshagawanya.

"Sitini! Na kwa mujibu wa kanuni, mwanamume wa taifa hili haumizwi na kilo sitini. Akiumizwa na sitini, basi huyo ni raia wa nchi nyingine, na jambo lake linakwenda Uhamiaji." Alimtazama Kibwana kwa upole. "Au una lolote la kusema kuhusu daftari hili, mzee wangu? Kuna kasoro humu?"

Kibwana alilitazama daftari kwa muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Daftari liko sawa."

Zamoyoni alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na minne. Aliijua sauti yake ya kusema uongo, kwa sababu alikuwa hajaisikia zaidi ya mara mbili.

*

Walipofika nyumbani kwenye kota za reli, Zamoyoni alimlaza mumewe, akamwekea mto chini ya magoti, akasimama mlangoni.

"Mlikuwa wangapi?"

"Mama Tunu, nimechoka."

"Nami nimechoka. Mlikuwa wangapi?"

Kibwana aliitazama dari. "Sita," alisema. "Upande wangu tulitakiwa wanne. Tulikuwa wawili."

"Na hao wengine wawili?"

"Ngwashi alikuwa anaoa siku hiyo. Nyapara alimnyima ruhusa. Mdoe alikuwa amelewa."

"Na majina yao nani aliyaitikia?"

"Mimi." Kisha akaeleza, kwa sababu alimwona mkewe anasubiri. "Mtu akikosekana, wenzake humwitikia. Jina likiitwa, unasema 'Nipo' mara mbili, moja yako na moja yake. Halafu unabeba cha kwako na cha kwake. Huulizi alikuwa wapi. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, kabla yetu na baada yetu. Nyapara anajua, anaandika vema, mambo yanakwenda. Siku ile reli ilipokuwa juu, Selebwa akapaliwa na mate, akakohoa. Hakutoa neno. Na mpaka nyapara aseme 'tua', haachi mtu. Ukiachia wewe, unamkata mwenzako miguu. Basi tukashika. Ndipo kiuno kikalia."

"Sasa kwa nini hukusema hivyo leo?" Zamoyoni alikuwa amepandisha sauti. "Mdoe ni marehemu. Ngwashi ana ndoa ya miaka kumi na tisa kwa ajili ya mgongo wako. Sema mlikuwa sita! Mia nne themanini kwa sita. Na upande wako, wawili kwa kazi ya wanne. Sema!"

"Nikisema, kila vema kwenye lile daftari itachunguzwa. Watu watanyang'anywa pensheni. Wajane nao."

"Mimi nataka miguu yako. Wajane nitawaomba radhi."

Kibwana aligeuza uso ukutani.

"Zile siku kumi na moja za Tunu," alisema, "ulidhani nilipewa likizo?"

Tunu alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka sita, na siku kumi na moja alizolala hospitali na homa ya uti wa mgongo kabla hajafa, baba yake hakutoka kando ya kitanda hata siku moja. Zamoyoni hakuwahi kujiuliza iliwezekanaje. Shirika la Reli la nchi hiyo lilikuwa na likizo ya msiba, ndiyo, lakini kanuni iliitoa kwa marehemu mwenyewe tu, na ilibidi aiombe siku saba kabla.

"Nani alikuwa anabeba?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wote. Kwa zamu. Mdoe peke yake alinibebea siku nne. Hakunywa siku hizo nne."

Zamoyoni alitoka nje akaanua nguo zilizokuwa bado mbichi, akazikunja, akaziweka mezani, akazikunja tena.

*

Asubuhi alikwenda kwa Ngwashi bila kumwambia mumewe. Ngwashi alikuwa na miaka sitini na saba, mfupi, mcheshi, mwenye meno matatu aliyoyatumia vizuri.

"Karibu, shemeji! Leo umekuja na uso wa mtihani. Nimefeli nini?"

Zamoyoni hakujua kuzunguka. Alimweleza yote akiwa bado amesimama. Ngwashi alimsikiliza, na kila sentensi iliupunguza ucheshi wake, hadi akabaki mzee tu aliyekaa kwenye kigoda.

"Miaka yote hii," alisema, "nikimuuliza vipi kiuno, ananiambia ni baridi. Baridi! Hapa kwetu kuna baridi gani, shemeji?"

"Sikuja kukulaumu."

"Mimi ndiye nijilaumu. Ningefunga ndoa Jumapili, siku ya mapumziko. Lakini mama mkwe akasema Jumamosi, na yule mama ulikuwa humwambii kitu." Alisimama, akatafuta shati lake zuri. "Twende. Nikaseme kwa mdomo wangu. Pensheni yenyewe inakuja inapojisikia."

Wakaenda. Ngwashi akasimama mbele ya Bodi na kusema kwamba tarehe hiyo, saa hiyo reli ilipokuwa inanyanyuliwa, yeye alikuwa kanisani amevaa suti ya kuazima, na Mdoe, Mungu amrehemu, alikuwa chini ya meza mahali fulani.

Wajumbe wa Bodi walitoka kujadiliana. Walijadiliana wiki tano, kwa sababu majadiliano yalifanyika kwenye hoteli ya ufukweni na iliwabidi wamalize na ukaguzi wa mawimbi. Waliporudi, Mheshimiwa Lubida alikuwa na macho mekundu.

"Bodi imeguswa," alisema. "Imeguswa mno. Lakini daftari la serikali halisemi uongo. Haliwezi. Likishasema jambo ambalo halikutokea, wajibu wetu kama viongozi ni kuhakikisha linatokea." Akafungua karatasi na kusoma: "Daftari linasema wanane walibeba. Wawili hawajabeba. Kwa hiyo wafike stesheni, wabebe. Wakishabeba, daftari litakuwa kweli. Likiwa kweli, itabaki hoja moja tu, kwamba Mzee Kibwana alibeba sehemu zisizo zake bila kibali, na kosa hilo Bodi inamsamehe leo hii. Hati atapewa."

"Atapewa lini?" aliuliza Zamoyoni.

"Papo hapo!"

"Mdoe amefariki."

"Hilo limezingatiwa. Marehemu alete sababu zake kwa maandishi."

Ilikuwa imebaki wiki sita kwenye kalenda ya Zamoyoni. Alimtazama Ngwashi, na Ngwashi akamkonyeza, ingawa jicho lenyewe lilikuwa na machozi.

"Kilo sitini hazifiki hata gunia la mahindi, shemeji," alisema. "Tutabeba."

*

Sherehe ya Kuikamilisha Reli ilifanyika mbele ya umati, na bendi ya shule. Kwenye mawe ya njia paliwekwa reli ya urefu ule ule. Sehemu sita kati ya nane, ambazo wenyewe walishazibeba zamani, zilishikwa na kreni. Kreni ile ingeweza kubeba zote nane na mawaziri juu yake, ila kisheria haikuwa imeajiriwa mwaka ule wa tukio. Kwenye upande wa kichwani zikaachwa nafasi mbili.

Kibwana aliwekwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, kama mlalamikaji. Miguu yake ilikuwa inamfikisha chooni tu siku hizo, na kwa fimbo. Zamoyoni alikaa kando yake, akiwa na mkoba wenye picha mbili za pasipoti kwa ajili ya hati.

Nyapara Selebwa, ambaye sasa alikuwa hasikii vizuri, alipewa daftari aite majina.

"Ngwashi!"

"Nipo!" Ngwashi akajitokeza, akatema mate kwenye viganja, watu wakacheka na kumshangilia.

"Mdoe!"

Kimya.

Mheshimiwa Lubida akamnong'oneza Waziri, na Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni. Tarumbeta moja ya bendi ikatoa mlio, ikanyamazishwa. Mheshimiwa akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mhusika wa pili hajafika wala kuleta maandishi. Kwa masikitiko, zoezi linaahirishwa hadi mwaka ujao wa—"

"Nipo!"

Zamoyoni aliisikia kabla hajaielewa. Ilitoka kando yake. Kibwana alikuwa ameshaegemea fimbo na kiti kilikuwa tupu nyuma yake.

"Baba Tunu, kaa chini." Alimshika shati. "Kaa chini nakwambia! Umechanganyikiwa?"

"Mwaka ujao miguu haipo. Wewe ndiye uliyesoma kalenda."

"Kibwana. Nakuomba."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Tunu azaliwe. Kibwana aligeuka akamtazama, na uso wake ulikuwa mwepesi, karibu wa kijana.

"Siku nne, mama," alisema. "Hakunywa."

Shati likamponyoka. Labda aliliachia. Alijiuliza swali hilo baadaye kwa siku nyingi, kwa sababu alikuwa mtu wa ukweli, na hata yeye alitaka ile reli inyanyuliwe. Alitaka hati.

Wazee wawili wakainama. Ngwashi akaimbisha kwa sauti iliyopasuka, ule wimbo wa zamani wa genge, na reli ikaachana na mawe. Ikapanda hadi magotini, ikapanda hadi kiunoni. Watu wakalipuka kwa vigelegele. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, na Waziri, aliyeguswa na tukio, akaamua kusema machache.

"Ndugu wananchi! Tazameni! Mnaona nini hapa? Mnaona chuma? Hapana! Mnaona mgongo!"

Ngwashi alikuwa anatetemeka. Kibwana alikuwa ametulia kama alivyotulia siku zote, mdomo umefungwa, jasho linadondoka.

"Mheshimiwa, waambie watue," Selebwa alisema.

"Itifaki," alinong'ona Lubida. "Waziri ndiye anayefunga zoezi."

Waziri akasema kwa dakika tisa. Alipomaliza, akawapungia mkono wale wazee. "Asanteni sana! Inatosha! Mnaweza kupumzika!"

Hawakuachia. Halikuwa lile neno, na mikono yao haikulijua lingine; na Selebwa, ambaye hakusikia kuwa hotuba imekwisha, alikuwa bado anasubiri ruhusa.

"Inatosha, wazee!" alisema Waziri, akicheka. "Mnaona moyo huo? Hawataki kuacha!"

Hapo ndipo Kibwana alipoguna. Ulikuwa mguno mfupi, wa chini, kama wa mtu anayeulizwa swali asilojua jibu lake. Ulikuwa wa kwanza maishani mwake. Mpimaji wa Bodi hakuurekodi kwa kuwa ilikuwa saa tano na dakika kumi, na alikuwa amekwenda chai.

"TUA!" Zamoyoni alipiga kelele. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha plastiki, mkoba umeanguka, picha za pasipoti zimetawanyika kwenye kokoto. "TUA! TUENI! TUA!"

Wakatua, wote wawili kwa pamoja, vizuri, bila kumkata mtu mguu. Ngwashi akakaa chini. Kibwana alibaki ameinama, mikono kwenye reli, na ilibidi wanaume wanne waje kuinyanyua mikono hiyo kwanza, ndipo wakamnyanyua yeye.

*

Hati ya Maumivu haikutoka papo hapo, maana ilikosa saini ya Waziri, ambaye kutoka pale alikwenda moja kwa moja ng'ambo kutibiwa shingo. Ilitoka wiki ya tano. Ilikuwa nzuri, na picha ya twiga aliyebeba treni. Pamoja nayo ilikuja barua kueleza kwamba kabla ya upasuaji, Bodi itathibitisha kuwa maumivu bado yapo, ili serikali isipasue mtu aliye mzima.

Mpimaji alikuja mwenyewe hadi kwenye kota, na kipimamguno chake begani. Alikuja siku mbili kabla ya ile alama kwenye kalenda. Zamoyoni alimkalisha, akampa chai, akamwambia achukue na maandazi, kwamba leo hatatoka hapo kwa kisingizio hicho.

"Mzee, unajisikiaje?" aliuliza mpimaji kwa heshima. "Miguu inauma?"

Kibwana alikuwa amelala kifudifudi tangu siku ya sherehe. Alifikiri.

"Haiumi," alisema.

"Mwambie inauma!" alisema Zamoyoni.

"Haiumi, Mama Tunu. Tangu juzi. Nilikuwa nasikilizia labda maumivu yatarudi." Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyeamka akakuta kelele za jirani zimekwisha. "Haiumi kabisa."

Mpimaji alimchoma sindano kwenye unyayo, kwenye goti, kwenye paja. Tarumbeta haikusoma kitu. Mpimaji alikuwa mtu mwema. Alifurahi kweli, akamshika Zamoyoni mikono yote miwili.

"Hongera, mama! Miaka kumi na tisa, na sasa imekwisha! Mungu mkubwa, na serikali nayo imejitahidi."

Jioni hiyo hiyo redio ilitangaza kwamba mnufaika wa kwanza wa Sheria ya Shukrani amepona hata kabla ya kutibiwa. Wiki iliyofuata Perusi alileta Hati ya Kupona kwa mkono wake, ikiwa ndani ya fremu. Alipoingia chumbani na kumwona Kibwana, aliiweka fremu kwenye meza, imeinamia chini, akaondoka akifuta macho kwa ule mkono wenye kucha nyekundu. Ngwashi alikuja kila alasiri, akakaa, akasimulia vichekesho vyake vyote, na baada ya siku kadhaa akaanza kuvirudia.

Daktari yule mpole alikuwa amesema kwamba miguu ikandwe kila siku, damu ipite, vidonda visije. Zamoyoni aliandika maelekezo na kuyafuata. Kila asubuhi alikunja mikono ya gauni, akapasha mafuta ya nazi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kwenye visigino kupanda juu.

"Hapo," alisema Kibwana, uso wake kwenye mto. "Hapo hapo. Una mikono wewe."

"Panauma?"

"Kidogo. Lakini vizuri. Endelea."

Moyo wa Zamoyoni uliruka. Aliinua mikono kutoka miguuni mwa mumewe, akaiweka mapajani mwake mwenyewe, akasubiri, mafuta yakimchuruzika kwenye vidole.

"Hapo hapo," alisema Kibwana. "Usiache. Naisikia kabisa."

Kisha Zamoyoni akairudisha mikono, akaendelea kukanda, na kila mara alimuuliza kama ni hapo, na kila mara Kibwana alijibu kwamba ndiyo, mama, ni hapo.